Fanya Juu: Somo la Maisha Kutoka Milima ya Kilungu

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aliyefanikiwa alizaliwa na bahati yake, na kwamba aliyeikosa bahati hiyo hana la kufanya ila kukaa akitazama wenzake wakiendelea mbele. Wazo hilo lina madhara makubwa, hasa kwa vijana. Mwenye kulishika huacha kujaribu, na asiyejaribu hawezi kujua ana nguvu gani. Somo hili lataka kuonyesha kwamba uwezo wa mtu hukuzwa, tena kwa jitihada yake mwenyewe. Ushahidi wake umesimama wazi katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, ambapo kila apitaye aweza kuuona.

NCHI ILIYOKATIWA TAMAA

Msafiri aiachaye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa pale Salama, akapanda kwenda Nunguni, huona mashamba yaliyopangwa kama ngazi, moja juu ya jingine, kutoka chini bondeni hata juu mlimani. Zamani sivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1930, Kilungu ilipokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, ardhi ya wilaya hiyo ilikuwa imechakaa mno. Mvua ilipopiga, maji yaliteremka kwa kasi yakiuchukua udongo hadi mitoni, na nyuma yake yakabaki makorongo na mawe. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa Serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika kwamba watu wa huko walikuwa wakielekea kwenye umaskini usio na tumaini, na nchi yao ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga.

Utabiri huo haukutimia. Mapema katika miaka ya 1930 watu wa wilaya hiyo walikuwa kama 240,000. Ilipokaribia mwaka 1990 walikuwa wamefika kama 1,400,000. Mtu angetazamia ardhi iharibike zaidi kwa wingi huo. Lakini wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walioichunguza wilaya hiyo na kutoa kitabu chao mwaka 1994, waliona mmomonyoko umepungua na mazao yameongezeka, hata kwa hesabu ya kila mtu. Milima ilikuwa ile ile, na mvua ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namna ya watu kuvitumia.

JINSI NGAZI INAVYOJENGWA

Njia iliyoenea sana katika Ukambani huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi za dunia. Kwanza mkulima hupima usawa wa kilima kwa kamba, vijiti viwili na pimamaji, kwa maana jicho hudanganya. Kisha huchimba mtaro kukata mteremko, upana na kina chake kama futi 2, na udongo anaouchimba huurusha upande wa juu, si wa chini. Udongo huo huwa tuta. Juu ya tuta hupandwa majani ili mizizi yake ilishike, na mara nyingi ndani ya mtaro hupandwa migomba.

Siku ya kwanza shamba halionekani kuwa limebadilika sana. Lakini kila mvua ikinyesha, udongo unaoteremka hukutana na tuta ukasimama hapo. Mwaka hata mwaka mkulima huliinua tuta lake kidogo, na ardhi iliyo nyuma yake huinuka pia, hata baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka kuwa shamba la tambarare. Hakuna aliyelibeba shamba hilo kutoka mahali pengine. Limejengwa kwa udongo ule ule uliokuwa ukipotea.

AMRI NA HIARI

Habari hii ina upande mwingine usiofaa kusahauliwa. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta. Wengi waliichukia kazi hiyo, na wengine waliogopa kwamba ardhi ikisha kutengenezwa itanyang'anywa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 lazima ile iliondoka, na matuta mengi yakaachwa yakaharibika.

Hata hivyo, baadaye watu wenyewe waliirudia kazi hiyo, wakajenga hata kupita yale ya wakati wa amri. Walikuwa wameona faida yake. Tangu miaka ya 1950 Wakamba waliruhusiwa kupanda kahawa, na kahawa ya milimani ilitaka shamba la ngazi. Mboga na matunda navyo vilipata soko mjini. Palipokuwa na kazi kubwa watu walisaidiana kwa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya majirani kufanya kazi ya mmoja leo na ya mwingine kesho. Na vikundi vingi vya mwethya viliongozwa na wanawake waliochaguliwa na wenzao. Hapakuwa tena na askari wa kuwasimamia. Kazi ya kulazimishwa ilikoma lazima ilipokoma. Kazi ya hiari imedumu.

KILIMA KILICHO NDANI YA MTU

Kila mtu ana kilima chake. Akili, nguvu, afya na wakati alivyopewa ni kama mvua. Visipozuiliwa huteremka vikapotea. Kijana aliyesoma shuleni miaka 8, kisha asishike kitabu tena, udongo wake unateremka. Fundi apataye fedha siku ya soko na kuzimaliza usiku ule ule, udongo wake unateremka. Wala si kwamba hawana kitu. Wanacho, lakini hawana tuta la kukizuia.

Mfano mzuri ni Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifika Tanganyika, na huko akaona jinsi Wazaramo wanavyochonga sanamu za miti. Watu wengi wa Ukambani walifika Tanganyika katika vita hivyo, na wengi waliviona vinyago. Mutisya aliuzuia ujuzi huo usimpotee. Aliporudi nyumbani alichonga, akaendelea kuchonga, akawafundisha wengine. Kutokana na mwanzo huo uchongaji ukawa kazi ya maelfu ya Wakamba, wenye vyama vyao vya ushirika Wamunyu na hata Mombasa, na kazi zao huuzwa ng'ambo.

Basi mwenye kutaka kuukuza uwezo wake afanye kama mkulima wa Kilungu.

Kwanza, ajipime. Asijilinganishe na jirani kwa jicho tu, bali ajue kwa hakika ni kazi gani aiwezayo, na ni mahali gani panapompotezea wakati na fedha.

Pili, achimbe kabla ya mvua. Mtaro huchimbwa wakati wa kiangazi. Aliyengoja mawingu amechelewa. Vivyo hivyo nafasi ya kazi humkuta tayari yule aliyejifunza wakati hapakuwa na nafasi.

Tatu, apande majani juu ya tuta. Nia njema bila mazoea haidumu. Nusu saa ya kusoma kila jioni, na akiba ndogo kila juma, ndiyo mizizi ishikayo udongo.

Nne, aingie katika mwethya. Amwombe anayejua amfundishe, naye amfundishe asiyejua. Mkono mmoja haulei mwana.

Si kweli kwamba bidii hushinda kila jambo. Mwaka wa ukame hata shamba la ngazi hukauka, na mwenye bidii aweza kupatwa na ugonjwa au kukosa karo ya mtoto. Lakini mvua inaporudi, shamba lenye ngazi ndilo liipokeayo. Lile lisilo na ngazi huipoteza mvua hiyo pamoja na udongo uliobaki.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Ni ujuzi gani uliopata zamani ambao sasa unakupotea kwa kutoutumia?

2. Ni jambo gani jema ulifanyalo kwa sababu tu unasimamiwa? Je, msimamizi akiondoka, utaliendeleza?

3. Ni tuta gani dogo uwezalo kulianza juma hili, kabla ya mvua?

Msomaji asiyajibu kwa maneno tu. Ashike jembe lake, awe mkulima, fundi, karani au mwanafunzi, achimbe hatua ya kwanza. Na udongo aurushe juu.