Dondoo muhimu: "Somo limeeleweka" haitoshi

Mwalimu wa Rudewa, ile nafasi ya maoni chini ya andalio la somo haikuwekwa kwa ajili ya mkaguzi. "Somo limeeleweka" haikusaidii kitu. Andika hivi, kabla hujafuta ubao: "Wanafunzi 12 wamejumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5. Kesho nianze kwa kukunja karatasi."

Kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni, nenda na daftari la aliyekosa, si la yule wa vyema kila siku.

Ukimkaribisha mwenzako darasani, mpe jambo moja tu la kuangalia: nani hajanyoosha kidole tangu kipindi kianze? Akuambie pembeni, mkiwa wawili. ("Uko vizuri, mwalimu" tuwaachie wageni wa mahafali.) Wiki ijayo, zamu yako kukaa dawati la nyuma.