Mchezo wa Kioo

Watoto wa waliohama na watoto wa wenyeji wanapoogopana kwenye bomba la maji, tuanzie wapi? Mwaka 1939 Viola Spolin alianza kufundisha maigizo katika mradi wa serikali huko Chicago, Marekani, penye watoto wengi wa wahamiaji wa lugha mbalimbali. Hakuwahutubia, aliwachezesha. Katika mchezo wa kioo wawili husimama uso kwa uso. Mmoja anainua mkono polepole, mwenzake anamwiga. Ukisema “Badilisheni!”, aliyeiga anaongoza. Hakuna mshindi. Mwaka 1959 mwanawe, Paul Sills, alishiriki kuanzisha The Second City, jumba la vichekesho vya papo kwa papo. Viongozi, msianze na maigizo ya vita. Na mtoto asiyetaka kucheza, mwacheni atazame kwanza.