Supu ya Barabarani: Angalia Sufuria Kwanza
Kijitabu cha elimu kwa msafiri, dereva na mama lishe

Kwenye kibanda chochote cha barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, ukiagiza "supu chapati" hakuna atakayekuuliza unamaanisha nini. Utaulizwa tu kama unataka ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku wa kienyeji au makongoro. Bakuli linakuja likifuka mvuke, mfupa umechomoza juu, kipande cha ndimu pembeni na pilipili mbuzi kwenye kisosi. Msafiri aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi ananufaika na bakuli hilo kuliko soda na biskuti. Tunataka aendelee kulila, afike salama aendako, na mama lishe aendelee kuuza.

Kilichomo ndani ya bakuli

Makongoro huchemka kwa saa nyingi. Kadiri yanavyochemka, ngozi, kano na gegedu hulainika, na protini yake huyeyuka ikawa ule utelezi unaonatisha midomo. Ndiyo maana supu iliyoiva vizuri ikipoa huganda kama jeli. Nyama yake ina protini na madini ya chuma, na maji yake humrudishia nguvu aliyetokwa na jasho njiani.

Kuna imani moja tunayopaswa kuisahihisha. Wengi humpa mtoto, au ndugu aliyevunjika mguu, supu ya mifupa wakiamini inajenga mifupa. Kalsiamu ya mfupa karibu yote hubaki mfupani. Inayoingia kwenye supu ni kidogo mno. Mpeni mgonjwa supu, itamrudishia hamu ya kula. Lakini kalsiamu itafuteni kwenye maziwa na kwenye dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao.

Halafu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Supu ya kibandani mara nyingi imeshakolezwa, na vidonge vya kukolezea navyo vina chumvi. Onja kabla ya kunyunyiza. Mwenye presha aombe nyama zaidi na maji ya supu kidogo, kisha aongeze ladha kwa ndimu.

Sufuria iko wapi?

Kabla hujavuta kiti, tazama sufuria. Je, iko jikoni inatokota, au imeshushwa chini na kufunikwa?

Joto la nyuzi 70 likifika hadi katikati ya kipande cha nyama huua karibu vijidudu vyote vinavyoharibu tumbo, na supu inayotokota imevuka joto hilo kwa mbali. Hatari huja sufuria ikishushwa. Wapo bakteria waitwao Clostridium perfringens, wanaoishi kwenye matumbo ya wanyama na kwenye udongo. Hujifungia ndani ya ganda gumu ambalo hata kuchemka hakuliharibu. Maadamu supu iko motoni, wamelala. Supu ikianza kupoa polepole, ganda hufunguka, na wakikuta vuguvugu la nyuzi 43 hadi 45 huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi. Sufuria ya lita 20 iliyojaa supu nzito hukaa kwenye vuguvugu hilo kwa saa nyingi. Harufu haibadiliki, ladha haibadiliki. Saa 6 hadi 24 baadaye tumbo linasokota na kuharisha, mlaji keshafika Mbeya, naye analaumu chakula alichopikiwa na wenyeji wake.

Kwa hiyo usione haya kuuliza: "Mama, supu iko motoni?" Ukijibiwa kwamba imeshushwa muda si mrefu, sema kwa upole, "Naomba unipashie mpaka itokote." Mama lishe anayejali wateja wake hatanuna. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye joto lisilopungua nyuzi 60. Huna kipimajoto, lakini una mdomo: supu ya joto hilo huwezi kuigugumia, lazima uipulize. Bakuli likifika mezani ukaweza kuinywa supu kwa mkupuo, imepoa mno. Irudishe.

Vinavyoongezwa baada ya moto

Supu iliyochemka vizuri inaweza kuharibiwa na vitu vidogo vinavyoifuata: kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima, ndimu iliyokatwa juu ya kibao kilichokatiwa nyama mbichi, bakuli lililosuuzwa kwenye beseni lilelile tangu asubuhi. Kipindupindu na homa ya matumbo hupitia njia hizi. Omba ndimu ikatwe mbele yako. Kachumbari, kama hujaridhika na maji yaliyoioshea, iache. Pilipili nzima uliyoiosha mwenyewe inatosha.

Na mikono. Basi linaposimama, abiria wengi huanza kwa kuchimba dawa, kisha hukimbilia chapati kwa sababu kondakta ametoa dakika 15. Chapati huliwa kwa mkono. Tenga dakika moja ya sabuni na maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki. Beseni la kunawia watu wote linahamisha uchafu wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa dereva

Wapo wanaoamini kwamba supu ya moto yenye pilipili "inakata" pombe ya usiku. Supu inakupa maji na chumvi, kichwa kinaweza kupata nafuu, lakini pombe iliyo kwenye damu haiguswi. Ini ndilo linaloiondoa, polepole, kwa mwendo wake lenyewe. Dereva aliyekunywa pombe hadi usiku wa manane, akanywa supu saa kumi na mbili asubuhi na kushika usukani, bado anaendesha na pombe mwilini. Hili tunalisema kwa uzito wote, maana nyuma yake wameketi watu.

Kwa mama lishe na baba lishe

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe, kibudu, asiingie jikoni mwako hata kwa bei ya kutupa: huenda amekufa kwa kimeta, na vimelea vya kimeta vinaweza kukuambukiza wewe unayekata nyama kabla mlaji hajaigusa.

Tunajua maumivu ya kumwaga kiporo. Mtaji wa siku umo sufuriani. Njia iliyo rahisi ni kupika sufuria mbili za wastani, ya pili ukiiwasha pale ya kwanza inapofika nusu. Supu ikibaki, usiiache usiku kucha kwenye sufuria kubwa jikoni. Igawe kwenye vyombo vifupi na vipana, viweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga ipoe haraka, kisha iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kesho yake itokote yote kabla ya kuuza. Kama huna friji wala barafu, supu ya jana usiiuze.

Ukiwa na kidonda au jipu mkononi, mwachie mwenzako upawa mpaka upone. Bakteria wa kidonda huacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haiondoki hata ukichemsha upya. Anayeharisha naye asipike.

Ukiugua njiani

Anza mapema kunywa maji ya ORS, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kwa maji safi. Usikimbilie vidonge vya kufunga tumbo. Choo kikiwa na damu, kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, au mgonjwa akilegea na kukosa mkojo, shukeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu hata kama safari haijaisha. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasisubiri dalili hizo zote.

Ukifika kwa mganga, mtajie ulikula nini, kibanda gani na saa ngapi. Taarifa hiyo humfikia afisa afya wa eneo, naye huweza kukifikia kibanda hicho kabla basi linalofuata halijasimama.