SOMO LA AFYA: Masini ya kupumulisha mgonjwa na ulinzi wake



Leo tutajifunza juu ya masini ndogo ya kupumulisha mgonjwa, ile waganga wanaita respirateri. Wengine kati yetu watakuwa wauguzi ao mafundi wa umeme. Ni vizuri kuijua tangu sasa.

1. Kazi yake

Mtu mzima mwenye afya anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, bila kufikiri. Lakini mtu aliyeumia kichwa sana, ao aliyeumwa na nyoka wa sumu inayolegeza misuli, saa ingine hawezi tena. Masini inasukuma hewa ndani ya mapafu kwa kipimo munganga alichopanga, kisha inaiacha itoke. Ubongo ukikosa oksijeni, dakika chache tu zinatosha kuuharibu. Kwa hiyo masini hii ikisimama, hakuna wakati wa kwenda kuita fundi.

2. Mbele ya kuifunga kwa mgonjwa

a) Tazama kama batri imejaa, hata kama umeme uko.
b) Tazama tiyo zote: zisiwe na tundu wala maji ndani.
c) Washa masini, ziba mwisho wa tiyo: kengele inapashwa kulia. Achanisha tiyo: inapashwa kulia tena. Masini yenye kengele bubu haifai kwa mgonjwa.
d) Weka balo ya mkono (Ambu) karibu na kitanda, pamoja na maski yake. Ifinye kwanza, uone kama inajaa tena. Balo iliyofungiwa ndani ya kabati, na ufunguo uko kwa mukubwa aliyerudi nyumbani, ni sawa na kukosa balo.

3. Kengele ikilia

Tazama mgonjwa kwanza, masini nyuma. Je, kifua kinapanda? Tiyo imetoka ao imezibwa na makohozi? Kama hauoni sababu mara moja, achanisha masini na umpumulishe kwa balo. Kwa mtu mzima finya mara moja kila sekunde 5 ao 6, polepole, mpaka kifua kipande kidogo tu. Kufinya kwa nguvu kunaumiza mapafu. Mwenzako ndiye atafute ubaya wa masini.

4. Ulinzi wa kila siku

– Nyuma ya kazi, rudisha batri kwenye umeme. Batri iliyolala miezi bila kujazwa inakufa.
– Vumbi linaziba chujio ya hewa. Isafishe ao ibadilishe kama kitabu cha masini kinavyosema.
– Umeme unaopanda na kushuka unaunguza masini, tumia stabilizateri. Gurupu ikae inje, moshi wake usiingie kwa wagonjwa.
– Fasi yenye oksijeni, hapana sigara, hapana taa ya petroli. Usipake mafuta kwenye robine ya chupa ya oksijeni: inaweza kuwaka.
– Tiyo ya mgonjwa mmoja isipewe mwingine bila kuuawa vijidudu vyake.

5. Mfano wa kukumbuka

Katika mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen, mji mkubwa wa Danemark. Masini hazikutosha. Munganga Bjørn Ibsen alionyesha namna ya kupumulisha wagonjwa kwa mfuko wa mpira, na wanafunzi karibu 1500 wakaitwa. Walikaa kwa zamu, usiku na mchana, wakifinya kwa mikono yao. Wagonjwa wengi wakapona. Balo inayojijaza yenyewe ilitengenezwa nyuma, katika 1956.

Basi, wandugu, umeme unaweza kukatika saa yoyote. Mtu aliyejitayarisha, mwenye balo karibu, ndiye anayelinda pumzi Mungu aliyompa mgonjwa.

Maulizo

1. Sababu gani tunatazama mgonjwa mbele ya masini?
2. Finya balo ngapi kwa dakika kwa mtu mzima?
3. Ku hospitali ya kwenu, balo ya mkono inakaa wapi? Ulizeni wauguzi.