Kuwabaini Bakteria Katika Chupa za Miche ya Migomba

Mche wa mgomba utokao chupani huuzwa kwa sifa moja, nayo ni usafi. Na tangu mnyauko wa bakteria ulipobainika mkoani Kagera mwaka 2006, sifa hiyo imekuwa amana kati ya mkuzaji na mkulima. Mimi niikuzaye miche hiyo hapa mjini Babati nawahofu bakteria kuliko kuvu, maana kuvu hujidhihirisha kwa siku chache kwa manyoya yake meupe au ya kijani, ilhali bakteria aghalabu hukaa ndani ya nyama ya otea, yaani chipukizi la mgomba litoalo miche, mahali ambapo dawa ya kuoshea haiwafikii, wakadhihiri baada ya miezi, mche ukiwa umekwisha kugawanywa mara kadhaa na wembe umekwisha kuwaeneza.

Kwa hiyo kila chupa, kabla sijaigawa, huiinua dirishani nuru ikapenya kwa ubavu agari, yaani rojo la chakula lililoshikilia mche, nami huanza kutazama chini, pale shina lizamapo. Utando mwepesi wa rangi ya maji ya mchele ukilizunguka shina, yakini bakteria wametoka ndani ya mche. Madoa ya mviringo yenye utelezi, yaliyotawanyika mbali na mche, asili yake ni hewa au koleo. Na zikichafuka hata chupa zisizopandwa kitu, basi agari haikuiva. Jambo la kuhadhari sana hapa petu, kwani Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya nyuzi 100, na mbegu sugu za bakteria wa Bacillus huistahimili sufuria ya kawaida. Sharti itumike sufuria ya mvuke wa shinikizo, ifike nyuzi 121.

Weusi peke yake si dalili. Mgomba ukikatwa hutoa utomvu ugeukao mweusi, lakini agari hubaki angavu, bila utelezi.

Penye shaka, hukata kipande cha chini ya shina nikakipitisha juu ya agari yenye peptoni na dondoo la nyama, kwa sababu chakula cha chupani, kile cha Murashige na Skoog, cha mwaka 1962, kilitungwa kwa ajili ya mimea, na bakteria wengi hudumaa humo wasionekane. Sahani huiweka penye joto la nyuzi 28 hivi, wiki nzima au zaidi, kwani wako wakuao polepole mno. Chupa iliyothibitika kuwa na bakteria haifunguliwi katika kabati la kupandikizia. Hupikwa kwa mvuke kwanza, na miche yote ya otea lile hutiwa alama, ikapimwa upya.