Kuiona bandari ya vita ya Arromanches: fuata maji, usifuate kalenda

Tazama jedwali la maji kabla hujakata tiketi. Wengi hufanya kinyume. Wanafika Arromanches, kaskazini mwa Ufaransa, maji yamejaa, wanapiga picha ya madoa meusi baharini na kuondoka. Vitu vizuri vyote viko chini ya maji.

Unachokwenda kuona ni masalia ya Mulberry, bandari ya kuunda iliyokokotwa vipande vipande kutoka Uingereza baada ya majeshi kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944. Zilikuwa mbili. Ile ya Wamarekani, kwenye ufukwe wa Omaha, ilivunjwa na dhoruba iliyoanza tarehe 19 Juni. Ya Arromanches, ya Waingereza, ilinusurika.

Chagua siku za bamvua. Kama umekulia pwani huhitaji kufundishwa: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ongeza siku moja au mbili. Kama hukukulia pwani, Wafaransa wamekurahisishia. Majedwali yao huyapa maji namba, kuanzia 20 hadi 120. Tafuta siku yenye 90 au zaidi.

Soma saa kwa uangalifu. 19:30 ya jedwali ni saa moja na nusu jioni kwetu. Hakikisha pia kama jedwali limehesabu saa za kiangazi. Kama bado, utafika mapema mno.

Lala hukohuko. Treni ya kutoka Paris, kituo cha Saint-Lazare, inakufikisha Bayeux kwa saa mbili na ushei. Kutoka hapo zimebaki kilomita kama 10. Lakini siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi na jioni, na basi halitakusubiri umalize kushangaa.

Anza juu. Panda jabali la upande wa mashariki, Saint-Côme, kabla hujagusa mchanga. Ukiwa juu ndipo utaelewa ramani: mstari uliopinda wa makasha ya zege, ukikinga mawimbi ya bahari kuu. Hayo ni Phoenix. Makubwa yao yalikuwa na urefu wa mita 60 na kimo cha mita 18, karibu jengo la ghorofa sita, na uzito wa tani 6,000 hivi. Yalielea kwa sababu ndani yalikuwa matupu. Yakifika mahali pake, vali zilifunguliwa, maji yakaingia, yakatua chini.

Sasa teremka, saa moja na nusu hivi kabla maji hayajapwa kabisa, uyafuate yanavyorudi. Vaa viatu vya mpira. Vile vipande vya zege vilivyolala mchangani ni Beetle, maboya yaliyobeba barabara ya chuma ambayo malori yalipita kutoka gatini hadi nchi kavu. Sogea karibu kabisa. Utaona kuta nyembamba kuliko ulivyotarajia, nondo zimetokeza na kutu, kome wamejibana kwenye nyufa. Mimi ningetumia muda mwingi hapa kuliko mahali pengine popote.

Usiogelee kwenda kwenye Phoenix. Yamemeguka, nondo ziko wazi, na mkondo wa maji una nguvu. Wala usibebe kipande kama kumbukumbu.

Maji yakijaa, ingia makumbusho yaliyo ufukweni. Tafuta mfano mdogo wa bandari nzima. Utakuonyesha jinsi gati lilivyopanda na kushuka na maji bila kuacha kazi.

Upande wa Uingereza, nenda Portland. Phoenix mbili zimesimama karibu na pwani na unaziona bila kulowa. Ile ya Thorpe Bay, karibu na Southend, ilivuja ikiwa safarini mwaka 1944, ikaachwa kwenye fungu la mchanga na kupasuka vipande viwili. Iko kama kilomita mbili kutoka ufukweni na inakushawishi uiendee kwa miguu. Usiende. Pale maji hujaza mifereji nyuma yako kabla hujayaona mbele, na watu huokolewa kwa boti. Itazame kwa darubini, au ukodi chombo na nahodha wa hapo. Ukimwona mtu amezingirwa, piga 999 uombe walinzi wa pwani.

Unataka kuingia ndani ya Phoenix? Hapo ni Uholanzi, kijiji cha Ouwerkerk, Zeeland. Baada ya mafuriko ya Februari 1953 yaliyoua zaidi ya watu 1,800 nchini humo, Waholanzi walizamisha Phoenix nne kuziba pengo la mwisho la tuta, Novemba mwaka huohuo. Leo ni makumbusho ya mafuriko, Watersnoodmuseum, na unatembea kutoka kasha hadi kasha. Jedwali la maji hulihitaji.

Jambo la viza: ya Schengen inatosha kwa Ufaransa na Uholanzi. Uingereza ina yake, kwa hiyo Portland iombee viza mapema.