Karatasi ya Maabara: Je, 1:80 ni Ugonjwa?

Ninayo karatasi moja hapa, imekunjwa mara nne, ambayo nusura ituletee matanga nyumbani.

Likizo ya mwezi wa Nane ndugu yangu mdogo, mwenye umri wa miaka minane, alishikwa na homa kali. Mama akampeleka kliniki moja hapo sokoni. Alitolewa damu, na baada ya kitambo kidogo karatasi ikatoka: "Widal: O 1:80, H 1:160. Chanya." Mama akaambiwa ni taifodi. Kuku wakauzwa, dawa zikanunuliwa, mtoto akameza. Lakini wapi! Siku ya tano alikuwa hajitambui. Tulimkimbiza hospitali ya wilaya, damu ikatazamwa kwa hadubini, kumbe ni malaria!

Shule zilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wetu wa Biolojia ile karatasi. "Mwalimu," nikamwuliza, "hawa watu walitudanganya?" Akasema pengine hesabu yao ilikuwa sawa kabisa, ila waliisoma vibaya.

Kipimo cha Widal kina jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekieleza mwaka wa 1896. Hakitafuti bakteria wa homa ya matumbo wenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupigana nao. O ni kingamwili za kupambana na ngozi ya nje ya bakteria, na H ni za kupambana na vile vijimkia vyake vya kuogelea. Maji ya damu huchanganywa na bakteria waliokufa. Kingamwili zikiwamo, bakteria hugandamana vibonge vibonge.

Sasa hizo nambari. Mimi nilidhani 1:160 ni ndogo kuliko 1:80, kama vile sehemu tulizofunzwa shule ya msingi. La hasha! Chukua chai nzito ya rangi, uiongeze maji mara dufu, tena mara dufu, mpaka rangi ipotee. Chai iliyo nzito zaidi itastahimili maji mengi zaidi. Vivyo hivyo damu huzimuliwa 1:20, 1:40, 1:80, 1:160, 1:320, na huandikwa kipimo cha mwisho ambacho vibonge bado vinaonekana. Kwa hiyo 1:160 ina kingamwili nyingi kuliko 1:80.

Je, kiasi cha kawaida ni kipi? Hapa ndipo penye kazi. Kiasi hicho hupatikana kwa kupima watu wazima wa afya wa mahali hapo. Penye taifodi nyingi, kama sehemu nyingi za kwetu, mtu mzima kiafya anaweza kuwa na 1:80, kwa sababu aliugua zamani au alikutana na bakteria wa jamii hiyo bila kujua. Kingamwili hubaki damuni miezi mingi baada ya ugonjwa kuisha. Isitoshe, malaria yenyewe yaweza kufanya kipimo hiki kionekane chanya! Na mwenye taifodi ya kweli aliyepimwa siku za mwanzo anaweza kuonekana hana kitu, maana kingamwili zake hazijatosha.

Ndiyo maana nambari moja pekee haitoshi. Linalosaidia zaidi ni kupima mara mbili, wiki moja au mbili zikipita kati. Ikipanda mara nne, tuseme kutoka 1:40 hadi 1:160, hapo kuna jambo. Ikipanda hatua moja tu, hiyo yaweza kuwa tofauti ya mkono wa mpimaji. Bora zaidi ni kuotesha bakteria wenyewe kutoka kwenye damu, ingawa majibu huchukua siku kadhaa na si kila maabara inaweza.

Tena si kila kingamwili ni habari mbaya. Aliyechanjwa homa ya ini aina ya B hufurahi akiambiwa zake zimefika 10 au kupita, kwani ndiyo dalili kwamba chanjo imeshika.

Nilimweleza mama haya yote siku ya wazazi, tukiwa tumeketi nyasini. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku nyingine niwaulize nini?" Nikamwandikia nyuma ya karatasi ileile: malaria imepimwa? Kiasi cha kawaida hapa ni kipi? Turudi lini kupima tena? Ameiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.